Geertje Aandika Imani Yake

Shakwe wa Rotterdam hawana adabu hata kidogo. Jumamosi moja ya Machi, soko la Blaak likiwa limefurika watu na upepo ukizipiga turubai za vibanda, mmoja wao alishuka ghafla akampokonya Sybren Tadema heringi, samaki aliyekuwa amemshika mkiani, mdomo wazi, tayari kumla. Vitunguu vilivyokatwakatwa juu ya samaki huyo vikaruka vyote vikatua kifuani mwa mwanamke aliyekuwa akipita.

"Samahani! Samahani sana, bibie!"

Mwanamke yule alisimama akajitazama. Alivaa sketi ndefu ya buluu iliyokoza na koti la sufu lililomkaa kama alizaliwa nalo. Nywele zake za rangi ya shaba zilifungwa fundo kisogoni. Mbele yake alisimama mtu mrefu mwenye koti la mvua la njano, skafu ya kijani na mvi zilizovurugwa na upepo.

"Anayeomba radhi ni wewe au ni shakwe?" aliuliza.

"Ni mimi. Mwenzangu keshakimbia kabla ya toba."

Mwanamke alitaka kukunja uso, kicheko kikamponyoka. "Basi aliyebaki ndiye atakayefua koti."

"Niko tayari. Ila nakuonya, mimi nafua vibaya. Shati langu jeupe kuliko yote ni la waridi."

"Mungu wangu. Koti langu liache kama lilivyo. Ninunulie kahawa yaishe."

Hayakuisha. Kahawa ilikuwa mbili, kisha tatu. Sybren alikuwa na miaka arobaini na sita, mgane, mwalimu wa Kiyunani cha kale katika shule ya sekondari. Geertje Bokhorst alikuwa na thelathini na tisa, fundi cherehani katika duka la magauni ya harusi. Alizaliwa Oudbroek, kijiji cha watu wanaokwenda kanisani mara mbili kila Jumapili, wanawake wakiwa na kofia vichwani.

Tangu siku ile simu zikaanza.

"Umeshakula, hazina yangu?"

"Hazina ya nani? Nina pini kumi na mbili mdomoni hapa."

"Zitoe basi uniambie kama umenikumbuka."

"Nimekukumbuka nilipomwona shakwe."

"Bora hata hivyo. Jumapili twende ufukweni?"

"Jumapili nakwenda kanisani."

"Hata mimi. Baada ya kanisa, basi."

Geertje alizitoa pini mdomoni. Hakuwa amejua kwamba Sybren ni mtu wa kanisa, na moyo ulimruka kwa furaha. "Unasali wapi?"

"Kwa Waremonstranti."

Kisha Geertje akasema taratibu, "Wale ambao kila mtu anajiandikia imani yake mwenyewe?"

"Hao hao. Anayejiunga husimama mbele ya watu akasoma alichokiandika kwa mkono wake."

"Kwetu wanasema nyinyi hamuamini kitu."

"Kwetu wanasema nyinyi hamcheki. Na wewe unacheka vizuri mno."

Mpaka Juni walikuwa wameshazunguka mji mzima kwa baiskeli. Jioni moja yenye jua, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za mawe kando ya mto Maas, miguu yao ikigusana, Sybren alimshika mkono wa kushoto. Geertje aliuvuta, kisha akaurudisha.

"Mkono huu umevunjwa mara mbili," alisema. "Mume wangu aliuvunja."

Akamweleza yote. Kuhusu Evert, mumewe huyo, na mahakama iliyompa talaka. Kuhusu baraza la wazee wa kanisa la kijijini, waliomkalisha kitini wakamwambia kwamba mahakama imefungua kilichofungwa na Mungu, na maadamu Evert yu hai, yeye ni mke wa Evert. Akitaka kuolewa tena atakuwa mzinzi.

"Nashona magauni ya wenzangu, Sybren. Langu halipo. Maneno hayo ni ya Bwana mwenyewe."

"Lakini hasemi hivyo! Ngoja, nyumbani nina maandishi ya Kiyunani, tutayasoma mstari kwa mstari, utaona..."

"Usinisomee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unanitaka. Mtu anayetaka kitu husoma anachotaka. Mimi nampenda Mungu zaidi ya ninavyokupenda wewe, na wewe nakupenda vibaya sana." Machozi yalimlenga. "Kaa tu hapa. Usiseme kitu."

Sybren alikaa. Kunyamaza kulimshinda kidogo, lakini alinyamaza.

Hivyo wakaendelea, wapenzi wasio na mbele wala nyuma, mpaka Septemba, siku ya kuzaliwa Sybren. Alialika marafiki saba chakula cha mchana, baadhi walimu, baadhi wa kanisani kwake. Geertje alikuja na keki ya tofaa aliyoioka mwenyewe, amevaa blauzi ya krimu yenye vifungo vidogo vya lulu. Divai ilinyweka, mazungumzo yakapamba moto, na Sybren, ambaye akipata wasikilizaji hajui kusimama, akamwekea mkono begani.

"Mchungeni mpenzi wangu," alisema. "Huyu anaamini kabisa kwamba punda wa Balaamu alisema! Tena alisema Kiholanzi cha Biblia ya kwao, cha miaka mia nne iliyopita."

Meza nzima ilicheka. Geertje aliweka uma chini.

"Mkono wangu ulipokuwa kwenye plasta," alisema, wala hakupaza sauti, "mama yangu hakuja. Wazee walikuja, wakaniambia nirudi kwa mume. Kitu pekee kilichokaa na mimi kitandani ni kile kitabu mnachokicheka. Nilikuwa nafungua zaburi kwa mkono uliobaki. Nyinyi mnajua iliandikwa lini na nani aliongeza mstari gani. Hongereni. Mimi iliniokoa nisijiue."

Alichukua koti lake akatoka. Keki ilibaki haijakatwa.

Sybren alimkimbilia mpaka barabarani, lakini tramu ilikuwa imekwisha kuondoka. Simu haikupokelewa siku ile, wala wiki ile. Ujumbe ulikuja mmoja tu: "Nimekwenda kwa mama, anaumwa nyonga. Usinipigie."

Alikwenda kwa mchungaji wake, mama mmoja mnene mwenye miwani myekundu aitwaye Liesbeth Wiarda, akitumaini kufarijiwa.

"Pole," Liesbeth alisema, akimmiminia chai. "Sasa nikuulize. Wale waliotutangulia, walipofukuzwa nchi hii mwaka wa elfu moja mia sita na kumi na tisa, walifukuzwa kwa kuidharau Biblia?"

"La. Walifukuzwa kwa kuisoma."

"Kwa kuisoma na kukataa mtu mwingine awasomee. Ule ndio uhuru wetu. Haukuwahi kuwa ruhusa ya kumcheka mwanamke anayesali. Yeye ameishikilia kama kamba kisimani, wewe umekaa juu unamweleza kamba imesokotwa kwa nyuzi ngapi. Nani kati yenu anaijua kamba?"

Sybren aliinamia kikombe chake. Chai ilipoa mkononi.

Jumapili iliyofuata, watu wa Oudbroek waligeuza shingo kumtazama mgeni mrefu mwenye suti nyeusi aliyeketi benchi la nyuma kabisa. Geertje, akiwa na kofia ya buluu, alimwona, akageuka mbele haraka, masikio yakimwaka moto. Zaburi zikaanza. Kule huimbwa taratibu, kila silabi ikivutwa pumzi nzima, watu wote kwa sauti moja nzito mpaka mbao za sakafu zinatetemeka. Sybren alizijua zaburi zile kwa Kiebrania na Kiyunani. Hakuwahi kuzisikia zikiimbwa na watu ambao hawana kitu kingine cha kushika. Katikati ya ubeti wa tatu machozi yalimtoka.

Nje, Mama Bokhorst, mzee mwembamba mwenye mkongojo na gauni jeusi lililopigwa pasi barabara, alimsubiri getini.

"Wewe ndiye yule mwalimu?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Njoo unywe kahawa. Mgeni hasimami barabarani Jumapili."

Waliketi watatu sebuleni, saa ya ukutani ikigonga, biskuti moja moja kwenye kila kisahani.

"Geertje," Sybren alisema, "sikuja kukuomba urudi. Nilikucheka mbele za watu ili nionekane mjanja. Ilikuwa aibu yangu, si yako. Nimekuja kusema hilo tu."

Geertje alikoroga kahawa isiyo na sukari. "Umelia kanisani. Nimekuona."

"Ulikuwa unatazama mbele."

"Nilikuwa natazama mbele kwa pembe ya jicho."

"Haya, mtatazamana baadaye," Mama alikata. "Bwana Tadema, unaiamini Biblia?"

"Naiamini kiasi cha kugombana nayo, Mama. Nisiyemwamini sigombani naye, namwacha aseme."

Mama akainuka kwa shida, akatoa kabatini Biblia kubwa ya ngozi yenye vifungo vya shaba, iliyotoka kwa babu wa babu yake, akaiweka mapajani mwa Sybren. "Mathayo kumi na tisa. Nisomee. Binti yangu amekonda kwa ajili ya sura hiyo."

Sybren alimtazama Geertje kwanza. "Ulinikataza."

"Nilikukataza ulipokuwa unanitaka."

"Bado nakutaka."

"Najua. Lakini leo hukuja kuomba. Soma."

Akasoma, polepole, katika Kiholanzi kile kile cha zamani, bila kuruka neno. Alipomaliza hakufunga kitabu.

"Nani anauliza swali hapa, Mama?"

"Mafarisayo."

"Wanaume. Wanauliza nini? Kama mwanamume anaruhusiwa kumwacha mkewe kwa sababu yoyote ile. Chakula kikiungua, nje. Na aliyetupwa nje siku zile alikuwa hana shamba, hana mlango wa kubisha. Bwana anawaambia hapana. Anasimama upande wa mwanamke." Kidole chake kilitulia kwenye ukurasa. "Hakuna aliyemuuliza kuhusu mwanamke aliyevunjwa mkono. Laiti wangemuuliza. Neno aliloliweka ili mke asitupwe nje, sisi tukalifanya kufuli la kumfungia ndani na anayempiga."

"Mababu zetu hawakusoma hivyo," Mama alisema.

"Hapana, hawakusoma hivyo. Na ninaweza kukosea mimi, Mama. Lakini mababu ndio waliotufundisha kwamba kanisa nalo linaweza kukosea. Sisi tuliwasikiliza tu."

Saa iligonga. Mama Bokhorst aliivua miwani yake, akaishika mapajani.

"Mara ya kwanza ulipokuja hapa na mkono ule," alimwambia binti yake, "mimi ndiye niliyekurudisha. Wazee waliniambia nikurudishe. Nilikufungia mkate wa njiani. Ulinitazama, Geertje. Miaka tisa sasa naona ulivyonitazama. Sikuja hospitali kwa sababu niliona aibu, si kwa sababu ya Maandiko."

Geertje alipiga magoti akaweka kichwa mapajani mwa mama yake, na Sybren akainuka kimya kimya, akaenda jikoni kuosha vikombe.

Geertje hakurudi kwake mbio. Alirudi mjini, akampigia simu.

"Nataka kuja kanisani kwenu. Nitakaa peke yangu."

"Nitakaa upande wa pili kabisa, hazina."

"Si mbali hivyo."

Majira yote ya baridi alikuja. Alikuta watu wanaobishana na mahubiri wakati wa kahawa na mchungaji akifurahia. Alikuta wanaume wawili waliooana wakishika kitabu kimoja cha nyimbo, na bibi wa miaka tisini aliyesema ufufuo hajauelewa vizuri bado, ila anautegemea. Alishangaa kwamba Biblia ilisomwa pale kwa uangalifu kuliko alivyowahi kuona, kama barua iliyotoka mbali. Mwezi wa Februari akamwambia Liesbeth anataka kuandika imani yake. Alichana karatasi nyingi.

Jumapili ya Pentekoste, milango ikiwa wazi kwa sababu ya joto, alisimama mbele, mwenye gauni la kijani kibichi alilolishona mwenyewe, karatasi mkononi.

"Namwamini Mungu ambaye hakuwa upande wa ngumi. Namwamini Yesu, aliyewatetea wanawake mbele ya wanaume wenye vitabu. Naamini Maandiko yaliandikwa na watu waliomtafuta Mungu, na nayasoma kwa sababu mimi pia namtafuta. Nimepokea zaburi kutoka kwa mama yangu na sizirudishi. Nimepokea na mengine ambayo nayaweka chini leo, bila chuki. Nisilolijua silijui. Roho anipeleke mbele."

Hakuna aliyepiga makofi, si desturi. Lakini bibi wa miaka tisini alisema "Amina" kwa sauti hadi watu wakageuka.

Geertje alipotoka nje, mwanga ulimpiga machoni. Kwenye benchi chini ya ukuta, karibu na mlango ulio wazi, alikaa Mama Bokhorst, mwenye kofia nyeusi na mkongojo.

"Mama! Umekujaje?"

"Kwa treni."

"Jumapili?"

"Jumapili. Sijawahi kusafiri siku ya Bwana, na sitarudia." Alimshika binti yake mkono wa kushoto. "Kuingia sikuweza, mwanangu. Dhamiri yangu haikunipa. Lakini nimesikia kila neno, na mengine nimeyakubali."

"Yapi?"

"Nitakwambia nikishamwambia Mungu."

Sybren alikuwa ametoka, akasimama ngazi mbili juu yao, hajui kama ashuke au awaache. Geertje alimgeukia.

"Shuka. Nina la kusema na nataka Mama asikie. Sybren Tadema, tuoane."

Mtu yule aliyejua kusema kwa Kiyunani, Kiebrania na Kilatini alifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mama, amekuwa bubu," Geertje alisema, akicheka na kulia pamoja.

"Ndiyo," Sybren alisema hatimaye. "Ndiyo, hazina yangu. Ndiyo."

Mama Bokhorst alisogea pembeni kwenye benchi, akapapasa mbao kwa kiganja, na Sybren akaketi.