Makopo Tisa ya Dawa na Kimoto cha Jikoni

Ndugu zangu, moto wenye ukubwa wa kucha ya kidole kidogo unatosha kung'oa nyumba. Odessa Pettway wa mjini Macon, Georgia, hakujua hivyo.

Alasiri ile ya Ijumaa mwezi wa nane nyumba yake ilikuwa imetulia. Mumewe Cleophus alikuwa mezani akipukuchua kunde, na yeye alikuwa akikanda unga wa skonzi. Jumapili ilikuwa siku ya Kurudi Nyumbani, wakati watu wa kanisa lao waliotawanyika mbali hurejea kusali na kula pamoja. Skonzi za siku hiyo zilikuwa kazi ya Odessa kwa miaka thelathini, na hakuna mama aliyethubutu kumpokonya.

Ghafla mende akatoka nyuma ya jokofu, mkubwa, ana mabawa, akakatiza meza bila haraka.

"Bwana wee!" Odessa akaruka. "Na Earlene anafika kesho kutoka Detroit!"

Earlene alikuwa dada yake, mwenye ulimi wa kuchoma. Mwaka mmoja alimkuta mende kwenye bakuli la sukari, na kabla ya jioni kwaya nzima ikawa na habari.

Cleophus akatoka mbio kwenda dukani, akarudi na mfuko umemlemea mkono. Yalikuwa makopo yale ya dawa ya wadudu unayobonyeza juu, nayo yenyewe yanajaza nyumba ukungu.

"Umenunua mangapi?"

"Tisa."

"Nyumba ina vyumba vinne, Cleo."

"Kwani mende nao ni wanne? Mke wangu, safari hii hatoki mtu."

Maandishi ya kwenye kopo hawakuyasoma. Odessa alizima moto wote wa juu ya jiko kwa kuzungusha swichi zake. Lakini jiko lao lilikuwa la gesi, la kizamani, lenye kimoto cha samawati ndani kinachowaka mchana kutwa na usiku kucha, ili gesi ishike moto upesi. Bibi zao wa mji ule walikuwa na ujanja wao: wanaweka unga kwenye oveni isiyowashwa, na joto la kimoto hicho linauumua vizuri ajabu. Odessa alirithi ujanja huo kwa mama yake, na sinia la skonzi lilikuwa humo.

"Nikizime na hiki?" Cleophus aliuliza, amepiga goti mbele ya jiko.

"Wewe! Ukizima hicho unga wangu utalala. Kidogo hivyo kitamfanya nani nini?"

Basi wakabonyeza makopo yote tisa, wakafunga mlango, wakavuka barabara hadi barazani kwa jirani yao, Bi Verdell. Mama huyu alifanya kazi ya usafi wa majengo hadi akastaafu, na dawa za wadudu alizijua.

"Tisa?" Bi Verdell akaweka chini glasi yake ya chai ya barafu. "Na vyakula mmetoa?"

"Vyote. Isipokuwa skonzi, ziko ndani ya oveni, nimezifunika."

"Odessa! Unataka kulisha kanisa dawa ya mende?"

Aibu ikampanda Odessa usoni. "Cleo, baba, kimbia ukazitoe. Ziba pua."

Cleophus akatoa kitambaa, akaenda. Bi Verdell alikuwa bado anatikisa kichwa alipogutuka. "Ngoja. Oveni inawaka?"

"Haiwaki. Ni kile kimoto tu."

Bi Verdell alisimama, akafungua mdomo aite. Cleophus alikuwa ameshika kitasa.

Kwanza Odessa hakusikia kitu. Aliona kuta za nyumba yake zikivimba kwa nje, zote kwa pamoja. Aliona paa likiinuka zima, likakaa hewani, na mwanga wa jua ukapita katikati ya paa na kuta. Ndipo mlio ukaja, na vioo vya mtaa mzima vikamwagika. Mapazia yake ya sebuleni yalipanda juu kuliko nyaya za umeme, yakashuka polepole bila kuungua.

"Cleo!"

Mlango ulikuwa umeng'oka mzima, ukamrusha Cleophus hadi kwenye tuta la sukuma wiki bustanini na kumfunika. Vigae na misumari vyote viliangukia mlango ule. Walipouinua walimkuta hana nyusi, mkono umevunjika, viganja vimebabuka, na anapumua. Odessa alipiga magoti, akalia kwa shukrani na kwa hofu.

Mkuu wa zimamoto alizunguka kifusi, kisha akauliza kwa upole, "Mama, kuna moto wowote mliouacha?"

Angeweza kusema hakuna. "Mume wangu alitaka kuuzima," alijibu. "Mimi nilimkataza."

Wakati wanaongea, chini ya jokofu lililopinduka mende wawili walitoka na kwenda zao. Ukungu ule haukuwahi kuwafikia mafichoni.

Jumapili Odessa aliingia kanisani na gauni la kuazima, Earlene amemshika mkono. Wakati wa ushuhuda ulipofika alisimama.

"Nilimtuma mume wangu ndani ya kifo kwa ajili ya mkate," alisema. "Nikaangalia nyumba ikipaa. Mungu amenirudishia mtu, na mimi najua sikustahili."

FUNZO

Ndugu zangu, dawa ya kopo husukumwa nje na gesi inayoshika moto. Soma maandishi kabla ya kubonyeza, na usizidishe makopo. Zima kila moto, hata ule usiouona. Toa vyakula, watu na wanyama, usirudi kabla ya muda ulioandikwa kwisha, kisha fungua madirisha. Ziba nyufa na usafishe makombo, kwa maana mende hukaa pale ukungu usipofika. Na mgeni akikuta mende kwako, mwache acheke. Kicheko hakijamvunja mtu mkono.