Nyasi za Koko

Jirani yangu Lilian hajanikosea kitu, ila kwa hili sitamfichia. Alimfukuza mama mkwe wake mchana kweupe, hapahapa mtaani Kwa Mrombo, mimi nikipanga nyanya gengeni kwangu.

Kosa la yule bibi lilikuwa mate. Mjukuu wake Nalepo, mtoto wa miaka sita, alipandwa na homa. Bibi akamtemea mate kwenye paji la uso, kama wazee wetu Waarusha wanavyobariki. Lilian ni mtu wa Songea. Akapiga yowe: mchawi!  Bibi aliinama penye bomba la maji, akang'oa konzi ya nyasi mbichi, akamnyooshea. Kwetu ukinyooshewa nyasi umeombwa amani. Hata kama una panga mkononi, unalishusha. Lilian akazipiga teke.

"Toka na dawa zako!"

Nilijua maana ya zile nyasi. Nikanyamaza, eti sitaki ugomvi wa watu. Kwa hiyo na mimi nimo.

Bibi alirudi Oldonyosambu, akafa kabla ya Krismasi. Lengai, baba wa mtoto, yuko safari za malori. Nalepo akaambiwa koko wake, yaani bibi yake, amesafiri. Tangu hapo akitoka shule mama yake anakuja mbio kumfungia ndani kwa kufuli, kisha anarejea kazini mpaka saa kumi na mbili. Nikipita dirishani namwona kakaa sakafuni, peke yake, anahesabu pikipiki za barabarani kwa sauti. Inauma, jamani.

Februari, jua kali, vumbi tupu, akaanza kucheka mle ndani.

"Unacheka na nani?" nikamuuliza dirishani.

"Na koko."

Jioni hiyo Lilian alimkuta ameshiba, na chakula alichomwachia hakijaguswa. Miguu ya mtoto iling'aa mafuta ya kondoo, yale aliyokuwa akipakwa na bibi yake. Lilian hana mafuta ya kondoo. Na kufuli alilikuta limefungwa.

Ikawa hivyo kila siku. Siku ya nne Lilian aliomba ruhusa kazini, akarudi saa nane, akanivuta mkono tuingie wote. Tulifungua polepole. Kicheko kikakatika.

Nalepo alisimama katikati ya sebule. Mkononi ana nyasi. Mbichi. Zina umande. Saa nane mchana, kiangazi!

"Koko anasema uzipokee," alinong'ona.

Lilian akanitazama. Safari hii sikunyamaza.

"Anakuomba amani, mwenzangu. Pokea."

Akapiga magoti. Akazipokea kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Nimepokea. Kaa na mjukuu wako."

 Harufu ya mafuta ya kondoo iliyojaa mle ndani ikapungua. Ikaisha.

Nalepo akakiangalia kiti kitupu, kisha mama yake. "Ameenda," alisema. "Alikuwa anangoja hilo tu."

Hakurudi tena. Mambo ya kufuli nimeyakataa. Mtoto anashinda gengeni kwangu. Hacheki. Nikimpa benchi anakaa pembeni kabisa, anamwachia mtu nafasi.

Zile nyasi Lilian aliziweka dirishani, kwenye glasi isiyo na maji. Leo ni Agosti. Asubuhi nimezigusa, vidole vyangu vikalowa.