Dirisha Kubwa la MaShezi

Kila asubuhi MaShezi alifanya mambo matatu. Aliwasha jiko, akateleka maji ya chai, kisha akachungulia kwa jirani. Hakuwa na nia mbaya, alijisemea. Alitaka tu kujua MaMthiyane ameanika nini.

Na kila asubuhi roho ilimuuma. MaMthiyane alikuwa mjane, lakini hakukosa kitu. Geti jipya! Mapazia mapya! Tena alikuwa na binti yake, Thabile, fundi seremala anayeitwa na wenye maduka mjini kila maduka yao yakivunjwa na wezi. Hata mchungaji alimsifu kanisani mbele ya watu wote.

"Eti fundi seremala," MaShezi alimwambia mumewe, Khuzwayo. "Mtoto wa kike, mikono imekomaa kama ya mchimba makaburi."

"Lakini paa lao halivuji," alijibu Khuzwayo. "Letu linavuja."

"Kunywa chai yako, baba Nomcebo."

Mwezi huo wa Desemba, hata hivyo, ilikuwa zamu ya MaShezi kuangaliwa. Binti yake Nomcebo alikuwa anaolewa. Jumamosi ingekuwa ndoa ya kanisani. Jumapili ingekuwa umabo, siku ambayo bibi harusi huwapa zawadi wakwe zake. Watu wa upande wa mume huitwa mmoja mmoja kwa majina. Kila anayeitwa hupewa blanketi na mkeka. Akisahaulika hata shangazi mmoja, bibi harusi atasemwa mpaka azeeke.

MaShezi alikuwa amekusanya mablanketi arobaini na mawili. Yalipangwa katika chumba kipya cha mbele, karibu na kitanda kipya na sanduku la mbao la bibi harusi. Chumba hicho kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama barabara. MaShezi mwenyewe ndiye aliyeagiza liwe kubwa kuliko la MaMthiyane.

"Na nondo?" mumewe alimuuliza wakati wa kujenga. "Dirisha kama hili halikai bila nondo."

"Nondo zitaficha vitu. Waache waone."

Waliona kweli. Mtaa mzima wa Imbali ulipita pale ukihesabu mablanketi.

Jumanne alasiri, wiki hiyo ya harusi, wingu jeusi lilishuka kutoka milimani. Upepo ukavuma, kisha ikaanguka mvua ya mawe, mawe makubwa kama mayai ya kuku. Yalikuja kwa ubavu. Dirisha kubwa lilipasuka lote kwa mara moja. Mlango wa mbele uling'oka bawaba ya juu, ukabaki unaning'inia. MaShezi na Nomcebo waliyasukuma mablanketi hadi kwenye kona, wakayafunika kwa nailoni.

Mvua ilipokatika, Thabile alikuja. Alivaa buti na glavu nene, na mkononi alishika futi ya kupimia.

"Hamjambo, mama. Kuna aliyeumia?"

"Hatujambo."

"Nimekuja kupima dirisha. Nina mbao nzito za plaiwudi nyumbani. Dirisha hili lizibwe leo hii, na mlango pia. Wezi hupita baada ya dhoruba, mama. Wanatafuta nyumba zilizo wazi."

MaShezi alisimama mlangoni na kutanua mikono. Alimwona MaMthiyane kule uani kwake, ameshika kiuno, anatazama. Moyo ukamchemka. Wanataka kuingia kuhesabu, aliwaza. Wanataka kwenda kusema mablanketi ni machache.

"Asante, binti. Tuna mwanamume hapa nyumbani. Si kila nyumba inasubiri wanawake wapige misumari."

Thabile alikunja futi yake. "Sawa, mama. Lakini msishike hivyo vioo kwa mikono mitupu. Na mpige picha kabla hamjafagia, muwaonyeshe watu wa maafa wa manispaa, wawasaidie."

"Tumesikia."

Hakupiga picha yoyote. Nani apokee maagizo kutoka kwa mtoto wa MaMthiyane?

Khuzwayo alitafuta kilichokuwepo. Alipata silingi bodi mbili za dari zilizobaki wakati wa kujenga, nyepesi kama kadibodi. Alizisimamisha juu ya dirisha na kuzipigilia kutoka nje. Lakini fremu ya dirisha ilikuwa ya chuma na msumari haukuingia. Ikabidi apigilie kwenye plasta ya ukutani, plasta ikawa inamomonyoka. Mlango aliusukumia kabati kwa ndani.

"Hii itashika?" aliuliza huku akipangusa jasho.

"Inashika, baba Nomcebo. Imependeza hata kuliko ya kwao."

Khuzwayo alimtazama mkewe, akachukua nyundo yake, akaenda zake.

Alhamisi ilifika. Kila Alhamisi alasiri wanawake wa kanisa hukutana kwa ibada, na hakuna asiyeijua saa yao. MaShezi alivaa blauzi yake nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe. Nomcebo alifuatana naye kwenda kuombewa kabla ya ndoa. Khuzwayo alikuwa kazini. Nyumba ilibaki peke yake, na wezi nao wanajua kuhesabu siku za wiki.

Walikuwa kwenye wimbo wa tatu wakati mtoto wa jirani mwingine alipoingia mbio. "MaShezi! Njoo! Wamevunja kwako!"

MaShezi alikimbia na kofia mkononi. Silingi bodi moja ilikuwa imelala kwenye majani. Wala haikuvunjwa. Iling'olewa kwa mikono tu, na misumari ilitoka na plasta yake. Kwenye ua alisimama MaMthiyane, mguu mmoja umefungwa bendeji, mkononi ana sufuria na mwiko.

"Walikuwa wawili," alisema huku akihema. "Nilipiga sufuria, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wamekimbia, lakini wamebeba kiasi fulani. Pole, mwenzangu."

"Na wewe hukwenda kanisani?"

"Nilikanyaga kioo Jumanne. Thabile aliniambia nivae viatu nikifagia, nikamwona ananifundisha kazi ya uani kwangu. Basi nimekaa."

MaShezi aliingia na kuhesabu. Mablanketi yalikuwa thelathini na manane. Alihesabu tena. Manne hayapo. Alikaa juu ya sanduku la bibi harusi, akalia kwa sauti. Alilia kwa sababu ya shangazi wanne watakaoitwa majina wakakuta hakuna kitu. Alilia zaidi kwa sababu aliyeokoa yaliyobaki alikuwa MaMthiyane.

"Mama," Nomcebo alisema taratibu. "Jumamosi sote tuko kanisani kutwa nzima. Nani atabaki hapa?"

Ndugu wote wangekuwa kwenye msafara wa harusi. Na kadi za mwaliko zilikuwa zimesambaa Imbali nzima zikitaja siku na saa.

MaShezi alipangusa uso. Alitembea mpaka kwenye uzio. Hatua zile ishirini alizihisi ndefu kuliko njia ya kanisani.

"Thabile," aliita. "Binti yangu. Njoo unizibie dirisha."

Thabile hakusema "nilikuambia". Alikuja na mkokoteni wenye mbao, mashine ya kutoboa na boksi la bolti. Kwanza alimpa Khuzwayo, aliyekuwa ametoka kazini, simu yake.

"Baba, piga picha. Dirisha kwa nje, kwa ndani, na mlango. Bila picha, wa manispaa watajuaje palikuwa na kioo?"

Kisha alivaa glavu na kuvitoa vipande vya vioo vilivyobaki kwenye fremu, kuanzia juu kwenda chini. Alivifunga kwenye magazeti, akavitia kwenye ndoo ya bati.

"Kwa nini unaanza juu?" aliuliza MaShezi.

"Ukianza chini, cha juu kitakuangukia mkononi."

Alipima dirisha. Alikata ubao wa plaiwudi, mnene kama kidole, ukazidi dirisha kwa upana wa kiganja kila upande. Halafu alichukua mbao mbili nene, za inchi mbili kwa nne, ndefu kuliko dirisha.

"Sasa tazama, mama. Fremu yenu ni ya chuma. Haipokei msumari. Plasta nayo haishiki. Na msumari unaopigwa kutoka nje, mwizi anaung'oa kutoka nje. Kwa hiyo ukuta wenyewe ndio utakaoshika. Ubao huu mpana unakaa nje. Mbao hizi mbili zinalala ndani, zinavuka dirisha, ncha zake zinaegemea ukuta huku na huku. Bolti inatoka nje, inapita kwenye ubao, inapita kwenye uwazi wa dirisha, inaingia kwenye mbao za ndani. Nati naikaza ndani kwa spana."

"Mwizi akija na spana yake je?"

"Aje. Kichwa cha bolti hii kwa nje ni cha mviringo na ni laini. Spana itashika wapi?"

MaShezi aligusa kichwa cha bolti kwa kidole. Kilikuwa laini kweli. "Hee," alisema.

Thabile aliweka nailoni nyuma ya ubao kuzuia mvua, kisha wakakaza bolti nne. Khuzwayo aliuvuta ubao kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Mlango wa mbele uliovunjika wakauziba kwa njia ileile.

"Ziba na wa jikoni," alisema MaShezi. "Ziba yote. Asipite hata panya."

"Hapana, mama. Huo siuzibi."

"Kwa nini? Nimesema ziba!"

"Na moto ukiwaka usiku mtapita wapi? Nyumba isizibwe njia zote. Mlango wa jikoni ubaki, uwe na komeo zuri linalofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo gizani. Dirisha la chumba cha kulala nalo libaki linafunguka, mpate hewa. Na humu kwenye mablanketi msiwashe mshumaa wala jiko la mafuta ya taa. Hewa haipiti tena."

MaShezi alikuwa amezoea kubishana. Safari hii alifunga mdomo. Thabile alibadilisha komeo la jikoni, akamfundisha kila mtu kulifungua akiwa amefumba macho. Nomcebo alilifungua mara ya kwanza. MaShezi alihitaji mara tano, na Thabile alimngoja mara zote tano.

Jumamosi nyumba ilibaki peke yake tangu asubuhi. Kanisani MaShezi aliimba, lakini akili ilikuwa nyumbani. Bibi harusi alipoulizwa kama anakubali, mama yake alikuwa anahesabu bolti.

Waliporudi jioni, alishuka kwenye gari kabla halijasimama vizuri. Kwenye ukingo wa ubao palikuwa na alama mpya za mtaimbo. Mtu alikuwa amechimba, amesukuma, amechimba tena. Plaiwudi ilikuwa imekwaruzwa, lakini ubao ulikuwa palepale. Ndani, mablanketi thelathini na manane yalikuwa yamelala kama walivyoyaacha.

Khuzwayo alicheka mpaka machozi. "Amejaribu! Masikini wa Mungu, ametoka jasho bure!"

Lakini thelathini na manane si arobaini na mawili. Ijumaa yote ilikuwa imeliwa na mapishi ya harusi, na sasa maduka ya mablanketi yalikuwa yamekwisha kufungwa.

Alfajiri ya Jumapili mlango wa jikoni uligongwa. Alikuwa MaMthiyane, anachechemea, kichwani amebeba mzigo. Aliutua mezani na kuufungua. Mablanketi manne, mazito, yenye maua, bado yana nailoni za dukani.

"Ya wale wanne," alisema.

"MaMthiyane. Umeyatoa wapi haya?"

"Kwenye sanduku la Thabile. Nilianza kumkusanyia akiwa darasa la saba." Alikaa na kunyoosha mguu unaouma. "Ngoja nikwambie, mwenzangu, nisije nikajidai mtakatifu. Nilikuwa nakuonea wivu. Kila nikipita mbele ya dirisha lako roho iliniuma. Mabinti wa wenzangu wanaolewa, wangu analala na mashine ya kutoboa. Jumanne, kioo chako kilipopasuka, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Ndiyo maana nilimwambia Thabile akimbie haraka, kabla sijaizoea ile furaha."

MaShezi alimtazama kinywa wazi. Wewe, unionee mimi wivu? Alitaka kucheka, akakuta analia.

"Mimi nimekuonea wivu miaka kumi na mmoja," alisema. "Dirisha lenyewe nililijenga kwa ajili yako."

Thabile alichungulia mlangoni. "Mama, hayo si yangu?"

"Yako. Ukipata mchumba utaniuliza."

Mchana ule majina yaliitwa. Wakwe walitoka mmoja mmoja, wakafunikwa mablanketi mabegani, na wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyesahaulika. Wa mwisho alikuwa shangazi mkubwa wa bwana harusi, mwanamke mwenye maneno, ambaye hakuwa amesifu kitu tangu asubuhi. Nomcebo alimfunika moja ya yale manne. Shangazi alilipapasa, akaligeuza, akalinusa.

"Sasa hili ndilo blanketi!" alitangaza. "Hayo mengine sawa, lakini hili! MaShezi, umelitoa wapi?"

Watu wote walimgeukia. MaShezi alihisi ule wivu wa siku zote ukimfinya. Katika mablanketi yote, asifiwe la MaMthiyane! Angeweza kutabasamu tu na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

Alisimama, akamshika mkono jirani yake na kumwinua mbele ya watu.

"Limetoka kwa huyu," alisema kwa sauti. "Anaitwa MaMthiyane. Na kama mna dirisha lililovunjika, binti yake ni yule pale."