Ruta Mpya ya Mama Vifungo

Kila Jumamosi alasiri Mama Vifungo, fundi wa kushona nguo, hufunika cherehani yake na kuvuta kiti dirishani. Hapo husubiri simu ya dada yake anayeishi ng'ambo. Utotoni walilala kitanda kimoja, wakacheka mpaka wakagombezwa. Siku hizi hukutana kwenye kioo cha simu.

Jumamosi hii ilikuwa na uzito wake. Dada mtu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho. Kwa miaka mitatu alimsikia tu mdogo wake, uso wake akiuona kama moshi. Sasa bandeji zilikuwa zimetolewa. Leo angemwona.

Lakini simu iligoma kuingia mtandaoni. Ruta ya zamani, kile kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, ilikuwa imeungua kwa radi. Asubuhi fundi wa kampuni alileta mpya, akachomeka waya, akaondoka mbio. Mama Vifungo aliizima ruta, akaiwasha tena. Wapi! Akaenda kumwita jirani yake, mwalimu wa kompyuta.

"Mwanangu, njoo uniokoe. Hiki kidude hakinitaki."

Mwalimu aliinama akaitazama ruta. "Taa ya intaneti ni ya kijani, mama. Intaneti imefika. Ila simu yako bado inatafuta ruta ya zamani. Hii ina jina jingine na neno jingine la siri. Yameandikwa hapa chini yake, kwenye lebo."

Mama Vifungo akasoma. Herufi na tarakimu tupu! Moyo ukamnywea. Jina la zamani, "Kwa Mama Vifungo," alilitunga marehemu mumewe. Siku hiyo mume alikaa papo hapo, miwani ikimteleza puani, akijichekea kama mtoto.

"Kwa hiyo jina lake ndio limekwenda hivyo?"

"Haliendi popote. Tunaweza kuipa ruta mpya jina lilelile na neno la siri lilelile. Simu na televisheni zitajiunga zenyewe. Unalikumbuka neno lenyewe?"

"Nitalisahauje? Alinikaririsha wiki nzima!"

"Basi usinitajie. Hiyo ni siri ya nyumba yako."

Mwalimu aliunganisha simu kwa neno la kwenye lebo, akafungua mipangilio ya ruta, akaandika jina. Kisha akageukia ukutani. Mama Vifungo akaandika neno la siri kwa kidole kimoja.

Ruta ikazima, ikawaka. Simu ikaliona jina, ikajaribu kujiunga, ikakataliwa.

"Herufi kubwa na herufi ndogo ni tofauti, mama. Huenda umeteleza hapo."

Mama Vifungo akafumba macho. Akaisikia sauti ya mumewe waziwazi: "Anza na kubwa, mke wangu, kama unaandika barua."

"Ee! Nimeanza na ndogo!"

Akaliandika neno hilo lenye kosa kwenye simu ya mwalimu, wakafungua mipangilio tena, akasahihisha. Safari hii simu yake ikajiunga yenyewe. Haikupita dakika, ikaita.

Dada mtu alisogeza uso mpaka pua ikajaa kiooni. Akapandisha macho hadi kwenye nywele za mdogo wake.

"Mbona mvi zote hizo? Hukuniambia!"

"Hukuniuliza!" Mama Vifungo alicheka huku machozi yakimtoka.

"Usisogee, mdogo wangu. Kaa hivyohivyo nikutazame."

Mama Vifungo akakaa wima kwenye mwanga wa dirisha, kama mtu anayepigwa picha, akaacha atazamwe.