Jina Lililoitwa Maporomokoni

Rafiki yangu Rehani alifundisha shule huko Miono mwaka 1969. Kila majira yeye na mkewe Mina walikwenda kuyatazama maporomoko ya maji mlimani, mwendo wa nusu saa tu kutoka barabarani. Wenyeji waliwaonya kwamba pale mtu haitwi kwa jina, hupigiwa makofi.

Masika ya mwaka ule ukungu ulitia giza na maji yalinguruma. Mina alikwenda kunawa nyuma ya jabali, akakawia. Rehani alipiga makofi, hata yeye mwenyewe hakuyasikia. Hofu ikamshinda, akaita, "Mina!"

"Labeka," sauti ya mkewe ikajibu kutoka nyuma ya maji.

Papo hapo Mina akatokea upande wa pili, penye jabali, ameloa. "Umesahau makofi, mwalimu mzima?" akamtania. Wakarudi nyumbani kwa mtoto wao Mosi.

Rehani hakuwa na raha tena. Kiangazi, maji yalipokauka, alikwenda na Mina ahakikishe kwamba masikio yalimdanganya. Mwamba ulikuwa mkavu, hauna pango wala ufa. Akamshika Mina mkono, akaita jina lake polepole.



"Labeka, Baba Mosi," sauti ya Mina ikajibu kutoka ndani ya mwamba. "Huyo uliyerudi naye nyumbani ni nani?"