Jina la Ishirini na Tano

"Lifute!"

"Halifutiki."

"Jina langu mwenyewe, Rory. Mwandiko wangu mwenyewe. Nakwambia lifute."

"Nimeenda kwa msimamizi wa uchaguzi mara mbili. Karatasi ikishapokelewa, jina halitoki. Leo kanifukuza kama paka wa jikoni."

"Basi jitoe wewe."

"Thora, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi barabarani. Jitoe! Nimeuliza, mgombea anaruhusiwa. Mwisho kesho saa sita mchana."

Walikuwa wamesimama nje ya jengo la simu, mjini Winnipeg, Desemba ya 1917, theluji imewafika vifundoni. Thora Bjarnason ndo kwanza katoka zamu ya kuunganisha simu. Koti la kijivu, kola ya manyoya, glavu nyekundu alizofumiwa na mama yake, na pua nyekundu kuliko glavu. Rory Tulloch alikuwa fundi boila wa karakana ya reli, koti lake lina matundu ya cheche mpaka kwenye kwapa. Sura yake ilibandikwa kila nguzo ya mtaa ule. Karibu picha zote watu walishazichorea pembe.

Thora akamsukumia barua kifuani. "Ya Einar. Soma. Kwa sauti."

Einar ni kaka yake, yuko vitani Ufaransa. Rory akasoma, mvuke unamtoka mdomoni.

"'Dada, tumesikia mmepewa kura kwa ajili yetu. Tulikuwa hamsini, tumebaki kumi na tisa. Nawatambia wenzangu huku: dada yangu atatuletea watu.'"

Akaikunja taratibu. Akamrudishia.

"Anatamba kwa ajili yangu, Rory. Na gazeti lenye jina langu liko melini linamfuata."

Ilikuwa hivi. Mwaka ule serikali iliwapa wanawake kura ya bunge la taifa, ila si wote. Mwenye kura ni yule tu aliye na mume, mtoto au kaka vitani. Kila mtu alijua kwa nini: mwenye mtu wake kule atachagua wanaotaka vijana wakamatwe kwa nguvu, wapelekwe kumsaidia. Rory naye aligombea ubunge kusema hapana, mtu asikokotwe kwenda kufa.

Kabla ya hapo hawakuwa na siasa yoyote. Walikutana kwenye foleni ya kahawa, duka kubwa la barabara ya Portage, Jumamosi, watu wanakanyagana. Rory kaagiza kikombe, msichana wa mbele akageuka kama kaumwa na nyuki.

"Garry mia nne kumi na saba!"

"Nini?"

"Namba ya simu ya karakana. Sauti hii naijua. Unaomba namba kama unagombana nayo."

"Kumbe wewe ndo yule anayenikatia laini!"

"Nakukatia ukitukana."

"Sasa nikitaka kukutongoza?"

"Jaribu. Nitakukatia pia."

Kahawa ikapoa, wao washapendana.

Halafu ikaja siku ya kupeleka fomu. Zilitakiwa saini za wapiga kura ishirini na tano, na wanaume wa karakana waliwaogopa manyapara. Imebaki nusu saa, Rory ana ishirini na nne, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Thora akaingia mbio, msuko mmoja umefumuka. "Na mimi si mpiga kura sasa?" Akasaini. Rory akambusu palepale kwenye korido, karani akakohoa mpaka akachoka. Waliona ni zawadi ya mapenzi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kura ile ilitoka kwa Einar. Kesho yake orodha ikabandikwa ukutani, jioni ikatoka gazetini. Mama Thora tangu siku hiyo anaweka sahani mbili mezani, yake na ya Einar.

"Na wale ishirini na nne?" Rory akauliza. "Tisa washafukuzwa kazi. Nikijitoa nitawaambia nini?"

"Mimi Einar nitamwambia nini?"

Tramu ikaja, akapanda. Hakuangalia nyuma.

Asubuhi yake Rory akavamia simu ya ofisi ya karakana.

"Namba, tafadhali."

"Thora, ni mimi."

"Namba, tafadhali, bwana." Sauti kavu. Msimamizi wake kasimama nyuma yake, Rory akaelewa.

"Nimeandika barua ya kujitoa. Ninayo mfukoni. Niipeleke?"

"Sisi hatumchagulii mteja namba, bwana."

"Nikiipeleka, utaolewa na mimi?"

Waya unalia ziii.

"Laini hiyo ina shughuli, bwana."

"Thora, unalia?"

"Jaribu tena baadaye." Sauti ikakatika katikati. Laini nayo.

Akaenda. Saa sita kasoro robo alikuwa mbele ya mlango wa msimamizi wa uchaguzi, barua mkononi. Kwenye ngazi kakaa mzee Kerrigan, jina la kwanza kwenye ile karatasi, na la kwanza kufukuzwa kazi. Anapaka gundi picha ya Rory.

"Ah, bwana mkubwa! Nimekufuta pembe. Hii ya tatu leo."

"Mzee, tutashindwa."

"Mtoto wangu, hata mbwa wangu anajua hilo. Jumatatu nakuja na kiti nikae nione unavyoshindwa. Ila ushindwe umesimama, eh? Mke wangu kanuna, lakini nimemwambia, huyu hakimbii."

Kengele ya kanisa ikapiga saa sita. Rory alikuwa bado kashika barua. Akaitia mfukoni, akashika brashi ya gundi.

Jumatatu foleni ya kura ilizunguka shule nzima, wanawake kibao, wengine wafiwa, wamevaa nyeusi tupu mpaka shela. Rory kasimama ng'ambo ya barabara. Mwanamke mmoja akamtemea mate, hayakufika, karibu yagande njiani. Mzee Kerrigan kwenye kiti chake akacheka peke yake.

Thora alitoka na mama yake. Akamwambia neno, mama akabaki, yeye akavuka.

"Nimepiga."

"Sawa."

"Sikukupigia."

"Najua."

"Hujui. Nimelishika jina lako kwa kidole mpaka mama mmoja nyuma akagonga ubao wa kibanda. Halafu kura nikaipiga kwa ajili ya Einar."

Rory akavua glavu. Kiganjani alikuwa na pete ya shaba, kaichonga mwenyewe kutoka bomba la boila. Ilimeta kidogo tu.

"Hukujitoa," Thora akasema, "halafu unanipa pete."

"Ningejitoa ungeipenda?"

Akaiangalia. Akavua glavu moja, akaigusa. "Ningekudharau. Hilo ndo linaniua, Rory. Ningekudharau, na sasa siwezi kulala."

"Basi niambie nifanye nini. Chochote."

"Einar akirudi, uje uniombe mbele yake."

"Na asiporudi?"

Ng'ambo mama yake aliita, "Thora!"

Akamkunja Rory vidole juu ya pete, kimoja kimoja, kama anamfunga mtoto kifungo. Akavaa glavu yake nyekundu. Kisha akageuka, akavuka barabara.