STARTA ILILIA MKONO WANGU UKIWA NDANI YA FENI

Starta ililia mara moja tu.

Krrrr!

Jamani... mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya feni ya lori!

Na ufunguo wa lori ulikuwa mfukoni mwangu. Mfuko wa ovaroli, nausikia kabisa unanichoma paja. Sasa nani anawasha gari?

Panga la feni likaja, likavikamata vidole vyangu, likavibana kwenye bati linaloizunguka feni. Kilichoniokoa ni spana niliyokuwa nimeshika. Ilikwama katikati, feni ikashindwa kuendelea kuzunguka. Bila ile spana leo mngekuwa mnasoma habari nyingine.

Nikapiga ukelele.

"Usiwasheee! Baba Mapacha! Usiwashe, nimo humu!"

Nikasikia mlango wa lori unafunguliwa. Mtu akashuka. Nikasema afadhali, anakuja.

Viatu vikaelekea getini...

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu, ile laini anayobembelezea wateja wake:

"Hapana mzee, hamna kitu. Hiyo ni redio ya jirani."

Nyie! Mimi ni redio?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni dereva wa lori. Ndiyo, mwanamke. Mkimaliza kushangaa tuendelee.

Lori ni langu. Nililinunua likiwa limekufa, limetupwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, majani yameota mpaka ndani ya kabini. Nikalifufua kifaa kimoja kimoja kwa mikono hii. Ni yale ya zamani, ya dizeli, yenye boneti mbele. Ndilo linalotulisha mimi, mume wangu na mapacha wetu.

Mume wangu ni kinyozi. Simsemi vibaya, kazi ni kazi. Ila kinyozi wetu huyu anafungua akijisikia, na wateja wakiadimika anafunga anakwenda kucheza drafti.

Wimbo wake siku zote ulikuwa mmoja.

"Uza hilo lori tufungue saluni ya maana."

"Siuzi."

"Mwanamke gani ananuka dizeli?"

"Huyuhuyu aliyenunua kitanda unacholalia."

Basi ananuna, kesho yake anacheka, yanaisha. Mimi nikajua yameisha.

Sasa juzi juzi nikiwa safarini na mzigo wa matofali, panga moja la feni likakatika. Injini ikachemka, nikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani. Nikatafuta feni nyingine, nikaipata iliyotumika lakini nzima. Nikasema hii nafunga mwenyewe uani. Kazi yenyewe bolti nne tu, nani akalipie gereji?

Uani kwetu ni padogo. Lori lilikuwa limetazama ukuta wa nyuma, mimi nimejibana kati ya bampa na ukuta, boneti imesimama juu. Aliye getini hanioni. Aliye kwenye usukani naye hanioni, boneti inamziba.

Lakini boneti yenyewe si anaiona? Spana zilizotapakaa chini si anaziona? Na asubuhi ileile si yeye aliyeniletea chai nikiwa nimejibana palepale?

Bolti tatu zilikuwa zimeshakazwa. Nilikuwa kwenye ya nne.

Haya, turudi kwenye feni.

Geti likafungwa. Sauti zao zikapotelea mtaani, mume wangu na huyo mzee wake. Nikabaki mimi na lori.

Nikajaribu kulisukuma panga kwa mkono wa kushoto. Wapi! Mkanda umekaza, feni haisogei hata kidogo. Nikivuta vidole, nasikia vinachanika. Nikiacha, vinawaka moto. Simu yangu iko dirishani, naiona kabisa, kioo kinawaka, mtu ananipigia. Siifikii.

Nikaita majirani. Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Na kweli jirani ana redio, jamani. Ilikuwa inaimba kwa nguvu zake zote! Nani angenisikia?

Mimi ambaye nimebadilisha tairi za lori peke yangu kwenye mvua, nikalia kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Nililia vidole vyangu, nikalia na lile neno redio. Kwa sababu sauti yangu mume wangu anaijua. Ameishi nayo miaka yote hii. Ataichanganyaje na redio?

Geti likalia tena.

Nyayo nzito, za polepole.

"Baba Mapacha... nisaidie..."

Uso ukachungulia pembeni ya bampa. Hakuwa yeye. Alikuwa mzee wa watu mwenye kofia, simjui hata kidogo.

"Lahaula! Fundi! Nilijua tu!"

"Mzee wangu, nakufa!"

"Hufi. Tulia hivyohivyo, usivute."

Akaokota spana chini, akaingia kwenye injini kama mtu anayeingia jikoni kwake. Huku mikono inafanya kazi, mdomo nao unaongea.

"Maisha yangu yote nimekaa na mashine za dizeli. Starta haikatiki vile kama hakuna kitu kimeingia kwenye feni. Halafu ananiambia redio! Redio gani inaita Baba Mapacha, na yeye ndivyo alivyojitambulisha kwangu? Nikamwambia narudi kuangalia tairi."

Akalegeza alternata inayoukaza mkanda, mkanda ukalegea. Akalishika panga.

"Nikisema sasa, toa."

"Sawa."

"Taratibu... taratibu... Sasa!"

Nikatoa.

Sitawaeleza nilichokiona, wengine mnakula. Yule mzee akavua shati lake, akabaki na fulana, akaanza kunifunga mkono.

"Pole sana fundi. Yule bwana hakuniambia kama kuna fundi kwenye injini. Nimemwambia apige starta niisikie mashine kabla sijanunua."

"Unanunua nini?"

"Hili lori."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe, Baba Mapacha."

Maumivu yakakatika ghafla.

"Mzee, mimi si fundi. Mwenye lori ni mimi."

Akaacha kufunga. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe?"

"Mimi. Mke wake."

Yule mzee akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Lakini mama... mwenye lori si marehemu?"

"Unasemaje?"

"Aliniambia lori lilikuwa la mke wake. Mke alishafariki, yeye hajui kuendesha, na kila akiliona linamkumbusha msiba. Mimi hata pole nilimpa. Tena nilimshika bega."

Nyie... kuna mtu amepewa pole ya msiba wangu, mimi nikiwa hapa nafunga bolti ya nne!

Geti likafunguka kwa kishindo. Mume wangu akaingia anahema.

"Mzee, mbona umechel..."

Akatuona.

"Mama Mapacha! Umeumia? Mungu wangu! Sikujua kama umo humo! Nilidhani umeingia ndani!"

"Ufunguo umeutoa wapi?"

"Nilichongesha wa akiba. Si unajua, ukipotea ule mwingine..."

"Nani marehemu?"

Akaanza kuokota spana zilizotapakaa chini.

"Nakuuliza wewe! Nani marehemu?"

"Ni maneno ya biashara tu, mke wangu. Mtu akisikia umefiwa haulizi maswali mengi."

"Yaani mimi unaniua ili uuze gari?"

"Usiseme hivyo."

"Na redio?"

"Nilichanganyikiwa."

"Ulinisikia nalia, ukakimbilia getini!"

"Nimekwambia nilichanganyikiwa!"

Akakaa chini kwenye mafuta machafu, akaanza kulia. Machozi ya kweli kabisa, mpaka makamasi.

Yule mzee hakumwangalia hata. Alimwambia neno moja tu: "Kalete usafiri." Mume wangu akatoka mbio. Alipotoka, mzee akafungua waya za betri, akaibeba kifuani.

"Chumba chako kipi, mwanangu?"

Nikamwonyesha. Siku hiyo sikuwa na habari ya mgeni kuingia chumbani. Akaisukuma chini ya kitanda upande wangu.

"Bila hii halitoki hapa," akasema.

Nikapelekwa hospitali. Yule mzee sikuchukua namba yake, wala jina lake silijui. Akili ya kuuliza ningeitoa wapi?

Daktari anasema vidole viwili huenda visirudi na nguvu. Kuendesha lori, nisahau kwanza.

Kikao cha familia kikaitwa. Nikaeleza yote, kuanzia starta mpaka marehemu. Mume wangu akalia kuliko mimi mwenye mkono. Kila mtu akamwonea huruma.

"Wifi, hiyo ni bahati mbaya," dada yake akasema. "Mtu akipaniki anaongea chochote."

Nikamgeukia mama yangu mzazi. Nikajua huyu sasa atanisemea.

"Mwanangu, mwenzako kakosea neno moja tu," mama akasema. "Neno moja ndiyo uvunje nyumba?"

Neno moja! Na neno lenyewe ni marehemu!

Najua mnachotaka kuniuliza. Je, alijua kama mkono wangu umo?

Sijui.

Naapa sijui, na hapo ndipo ninapochoka kabisa. Kuna saa namwangalia naona mwanaume mwoga aliyeshikwa na tamaa, akawasha gari bila kufikiri. Kuna saa namwangalia naona mtu aliyeshamaliza kunizika, bado mwili tu. Ushahidi sina, wa kuniamini hayupo, na mkono wa kufungashia virago vyangu ndio huu uliofungwa bandeji.

Sasa hivi yeye ndiye ananihudumia. Anafua, anapika, anawapeleka mapacha shule. Majirani wanasema nina bahati.

Jana alikuwa ananilisha supu. Anapuliza kwanza, anaonja isiniunguze, ndipo ananipa. Akanifuta mdomo. Akauliza kwa upole, hata haniangalii:

"Hivi Mama Mapacha... ile betri ya lori iliwekwa wapi?"

Nikafungua mdomo, akaniwekea kijiko kingine.

Funzo langu, wapenzi wasomaji, ni fupi kwa sababu naandika kwa kidole gumba cha kushoto. Ukitaka kubadilisha feni nyumbani, fungua betri kabla hujagusa bolti hata moja, haijalishi unaishi na nani. Halafu siku moja mtafute mtu asiyekujua kabisa, umuulize nyumbani kwako wanakutajaje ukiwa hupo.

Mimi niliuliza nikiwa nimeshabanwa.

Namsikia huko sebuleni anafagia. Siku hizi anafagia kila chumba, mpaka chini ya viti. Chini ya kitanda changu bado hajafika.